Muulize Fundi: chensoo inayokula pistoni, eksozi ya kutoboa na minazi inayomaliza cheni

Wadau habari zenu. Kiangazi kimeshakolea huku nyanda za juu kusini, barabara za mashambani zimekauka, malori yanapita, na kila mwenye chensoo yuko kazini, ndio maana meseji za safari hii zimekuwa nyingi kuliko kawaida. Nimechukua zile ambazo naona zinawagusa wengi. Nusu yenu mnauliza kwanini mashine haina nguvu, na wengi wa hao shida yenu ni cheni butu tu, kwahiyo kama swali lako hulioni pitia majibu ya wenzako kwanza kabla hujanitumia tena.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni operata natokea Njombe, mashine yangu ni Husqvarna 272. Huku nyumbani imepiga kazi misimu miwili haina shida yoyote. Tumepata kazi ya kukata mitiki Kilombero upande wa Ifakara, siku ya tatu mashine ikaanza kuchemka, inalia kwa juu sana halafu inakata ghafla, kufungua naona pistoni imechubuka upande wa eksozi. Nikaweka pistoni mpya na ringi zake, haikumaliza wiki, yale yale. Fundi wa huku anasema pistoni za siku hizi feki. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Pistoni feki zipo tena nyingi, ila pistoni mbili mfululizo zikichubuka upande uleule usizilaumu zenyewe, tafuta kilichoiua ya kwanza maana ndicho hichohicho kimeua ya pili.

Angalia umetoka wapi umeenda wapi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ifakara haifiki hata 300. Huko juu hewa ni nyepesi, na fundi aliyekusetia kabureta alikuwa anasikiliza mashine kwenye hewa ya Njombe, akabana skrubu ya H (ya mafuta ya resi ya juu, L ni ya resi ya chini) mpaka ikatulia vizuri. Sasa umeshuka nayo bondeni, hewa inayoingia ni nzito, mafuta yanayopita kwenye kabureta hayajaongezeka kiasi hicho, kwahiyo mashine inakula hewa nyingi mafuta kidogo. Na hii ni injini ya 2T (mipigo miwili), oil imebebwa humohumo kwenye petroli, mafuta yakipungua ujue na kilainishi kimepungua palepale wakati joto nalo linapanda, ongeza na jua la Ifakara lenyewe. Ule mlio wa juu watu wanausifia wanasema mashine imeamka leo, kumbe ndio inaaga.

Ukifika sehemu ya chini fungua H kama robo mzunguko, yaani kurudi kinyume na saa, halafu bonyeza resi yote bila kugusa mti usikilize. Mlio unatakiwa uwe na mgugumo, kama mtu anayekoroma, ukiweka cheni kwenye mti ule mgugumo unapotea unanyooka. Kama hewani unalia msafi mwembamba hauna mgugumo kabisa, bado umebana, fungua tena kidogo. Kama umeshapoteza seti kabisa, funga L na H taratibu mpaka zikae (usikaze, utaharibu ncha), fungua kila moja mzunguko mmoja, hapo ndio pa kuanzia kwa 272. Ukirudi Njombe mashine itakuwa nzito inatoa moshi, seti upya. Mashine mpya zenye kujiseti zenyewe, M-Tronic za Stihl na AutoTune za Husqvarna, hazina hii kazi, lakini zikiharibika huko porini hakuna wa kukusaidia kwa bisibisi, kwahiyo chagua lako.

Kabla hujafunga pistoni ya tatu kagua vitu viwili. Kwanza ile raba inayounganisha kabureta na silinda, ikunje kwa vidole uangalie nyufa. Pili oil sili za kranki. Mashine ikiwa imewaka resi ya chini ilaze ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, resi ikipanda yenyewe bila wewe kugusa kitu kuna sehemu inavuta hewa pembeni, na hapo hata useti kabureta mpaka asubuhi utaunguza tu. Silinda nayo usikubali mtu aisugue kwa msasa mgumu. Ule weusi na mikwaruzo unayoiona mara nyingi ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia juu, silinda yenyewe ina ngozi ngumu ya madini ndani, ukiitoboa ile ngozi silinda imekwisha.

Halafu hujaniambia unachanganyaje. Naomba sio kwa kifuniko cha chupa ya maji. Oil nzuri ya 2T ya chensoo ni 1 kwa 50, maana yake ml 20 kwa lita moja ya petroli, dumu la lita 5 unatia ml 100. Oil ya dukani ambayo huijui vizuri nenda 1 kwa 25, ml 40 kwa lita. Nunua sirinji kubwa ya duka la mifugo, ina alama za ml zinasomeka.

SWALI: Bro fundi mimi nina Stihl MS 381, nimeona video jamaa wa Marekani wanatoboa eksozi, wanatoa na ule wavu wa ndani, mashine inapata nguvu balaa. Nataka niende kwa mchomeleaji nitoboe. Unasemaje? Niko Mafinga.

JIBU: Inafanya kazi, sikudanganyi. Moshi ukitoka haraka injini inapumua vizuri, nguvu inaongezeka. Ila yule jamaa wa kwenye video akimaliza kutoboa anaenda kwenye kabureta anaongeza mafuta, na ana kifaa cha kupima mizunguko mkononi, wewe ukitoboa ukawasha ukaingia shambani umeshajiunga na mwenzio wa Ifakara hapo juu. Eksozi ikiwa wazi H inatakiwa ifunguliwe, mafuta yanaliwa zaidi, na masikio yako ndio yanalipa.

Kuhusu wavu nakukatalia kabisa. Ule wavu kazi yake ni kuzuia cheche. Wewe uko Mafinga, misindano kila upande, chini majani makavu yamejaa, Septemba na Oktoba upepo unavuma, cheche moja tu ya kaboni ikidondoka hapo unachoma mashamba ya watu ambao wamesubiri miaka 15 wavune. Hao hao Wamarekani kwenye misitu ya serikali yao huingii na chensoo isiyo na wavu wa cheche. Cha kufanya, ufungue, uusugue kwa brashi ya waya, uurudishe. Mara nyingi wavu umeziba masizi na mashine imekuwa nzito kwa sababu hiyo, ukishausafisha unaona nguvu imerudi bila kutoboa chochote.

Sasa tuongee kuhusu nguvu yenyewe. MS 381 ina cc 72, mashine ya cc 72 isiposhuka kwenye mti wa msindano yenyewe kwa uzito wake tu, wala sio eksozi, ni cheni. Angalia kinachotoka. Kama zinatoka chipsi nene zenye pembe, cheni ni kali. Kama unatoka unga, na wewe unaegemea mashine kwa kifua, simama hapohapo unoe, kila dakika unayoendelea unachemsha upanga (kile chuma bapa kinachobeba cheni) na klachi bure.

Cheni yako ni ya 3/8 (kipimo cha nafasi ya pingili zake kwa inchi), tupa yake ni ya duara milimita 5.2. Wengi mnanoa kwa tupa yoyote iliyopo kwenye boksi, ndio maana jino linakuwa na shimo chini na ncha haina makali. Funga upanga kwenye kisiki ili usicheze, tafuta jino fupi kuliko yote, hilo ndio kipimo, mengine yote yashushwe yafanane nalo. Tupa ilale, sehemu ya tano ya unene wake itokeze juu ya jino, sukuma kwenda mbele tu, ukirudi inyanyue. Nyuzi 30 kwenye jino, mistari imeshachorwa juu ya meno mengi yenyewe. Meno ya kulia yote, ugeuke ya kushoto yote, hesabu idadi sawa ya misukumo, la sivyo mashine itakata upinde na utasema upanga umepinda.

Mbele ya kila jino kuna kidole kidogo kinachopima jino liingie kiasi gani. Kila unaponoa jino linashuka, kidole kinabaki palepale, mwisho jino halifiki kwenye mti hata likiwa kali kama nini. Kishushe kwa tupa bapa kila baada ya kunoa mara tatu nne, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Msitumie grainda hapo, vijana! Naona cheni zinaletwa vidole vimefyekwa vyote, mashine inaruka ruka, inakamata mti inazima, halafu mtu anasema injini imechoka.

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Niko Pangani, nakata minazi mizee iliyoacha kuzaa, watu wanataka mbao za paa. Kila nikinoa cheni mnazi mmoja tu imekwisha. Pia oil naweka ya mashine ya boti maana ndio inapatikana hapa bandarini kirahisi, kuna tatizo?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Mnazi ndivyo ulivyo, usijione una bahati mbaya. Mti mwingine ugumu uko katikati, mnazi ugumu uko nje karibu na ganda, hasa pale chini, na ule ugumu unakula chuma vibaya sana. Tumia cheni yenye meno ya kona ya duara, sio ile ya kona kali ya mraba, makali yake ni madogo kidogo lakini yanakaa muda. Tupa iwe kiunoni, unoe kidogo kidogo kabla haijawa butu kabisa, usisubiri. Chini ya shina safisha mchanga kwa panga, au kata juu kidogo ya pale wimbi la mchanga linapofika, mchanga wa pwani unaimaliza cheni dakika moja. Zipo cheni zenye meno ya kabaidi, zinavumilia ila zinataka jiwe maalumu la almasi kuzinoa, kama huna hilo jiwe zitakutesa.

Oil ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, iache. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji ya bahari, chensoo inapozwa kwa hewa na moto wake ni mkubwa zaidi. Tafuta iliyoandikwa API TC au JASO FD. Agiza Tanga mjini, chupa moja utaitumia muda mrefu.

SWALI: Niaje mkuu, nasoma hii kolam kutoka Nandi. Nimenunua pawasoo ya Kichina cc 58, nataka kupasua mbao za bluegum zangu za shamba. Jamaa ameniambia nitoe bar ya inchi 20 niweke ya inchi 30 na frame ya kupasulia. Itaweza?

JIBU: Poa ndugu yangu, haitaweza. Itawaka, itaanza, itakupa moyo kama futi mbili hivi, halafu itakufa. Kukata mti kwa kuukingama ni kitu kingine, kupasua kwa urefu unakata vichwa vya nyuzi mwanzo mpaka mwisho, mashine iko resi yote dakika nyingi bila kupumua. Tena pampu ya oil ya hiyo cc 58 imepimwa kwa upanga wake, ukiweka inchi 30 ncha ya mbele inabaki kavu, unaona moshi unatoka kwenye upanga, kingo zinakuwa bluu.

Wapasuaji wa huku wengi wanatumia Stihl 070 au kopi zake, hiyo ni cc 105, cheni ya .404, tupa milimita 5.5. Ni chuma cha zamani, kizito, kinatetemesha mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na nyingi hazina breki ya cheni, kwahiyo siisifii sana, lakini kwa kupasua ina misuli. Kama unabaki na cc 58 yako basi pasua magogo membamba yasiyozidi inchi 12, upanga uleule, na cheni uinoe upya: badala ya nyuzi 30 unoe nyuzi 10, karibu jino linyooke. Inaenda taratibu lakini ubao unatoka laini na mashine haihangaiki. Fungua H kidogo zaidi, na ukimaliza msitari mmoja iache resi ya chini dakika moja ipoe ndio uzime, usizime ikiwa moto.

Pasi ya kwanza pigilia ubao ulionyooka juu ya gogo frame ipite juu yake, hiyo ndio inaamua mbao zako zote zitanyooka au hapana. Na mikaratusi (ndio hiyo bluegum yako) ina mvutano ndani, ukitoa mbao upande mmoja tu gogo linapinda unaona kwa macho, toa huku mbili, geuza, toa kule mbili. Kabla ya kuangusha pita ofisi ya KFS (shirika la misitu la Kenya) iliyo karibu uulize kuhusu kibali cha kukata na cha kusafirisha, hata kama miti ni yako, mbao zikikamatwa barabarani maelezo yanakuwa marefu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mama, nina shamba la miti Mufindi na chensoo tatu ambazo nawapa vijana wanavuna. Nimegundua mbili wametoa breki ya cheni, wanasema inasumbua inajifunga ovyo. Pia wanatumia oil chafu ya gari kulainisha cheni, wanasema ndio wanavyofanya wote. Na nataka kununua mashine ya kupasulia, nichukue dingdong au ya bendi?

JIBU: Nzuri mama, nashukuru umeuliza kabla hujaitwa hospitali. Mashine zisizo na breki zisimamishe leo, sio wiki ijayo. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa tawi mashine inarudi nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa kasi ambayo hakuna mtu anaweza kuiwahi, ile breki ndio inayosimamisha cheni mkono ukigusa kinga. Inayojifunga ovyo imejaa unga na oil iliyoganda, au springi imechoka, fungua kifuniko safisha kwa petroli na brashi, kwisha. Mkataji akigoma kufanya kazi na breki mwambie atafute shamba lingine, na huyo anayebaki mnunulie kofia yenye wavu wa uso, vizuia sauti na suruali ya kinga. Ile suruali ina nyuzi ndani, cheni ikigusa zinatoka zinajizungusha kwenye gia na kuisimamisha mashine, inaokoa paja.

Oil chafu ina vumbi la chuma kutoka injini ya gari, inakwenda kusaga pampu na kingo za upanga, na inawarukia vijana mikononi na usoni siku nzima, ina sumu zinazoleta saratani ya ngozi. Nunua oil ya cheni, ukikwama kabisa bora oil mpya ya injini ya bei ya chini. Mafuta ya kula pia yanalainisha vizuri, ila ukiyaacha ndani wiki kadhaa yanaganda pampu nzima. Waambie na upanga waugeuze juu chini kila wanapobadili cheni, hivi kitu kidogo hivi kwanini hakifanyiki sijui.

Dingdong au bendi, inategemea magogo yako. Dingdong ni rahisi kununua, injini ya dizeli kila fundi anaijua, kijiji kizima kinaweza kuitengeneza. Ila msumeno wake wa duara ni mnene, tuseme unakula milimita 5 kila ukipita, ukipita mara 10 kwenye gogo umegeuza milimita 50 kuwa unga, huo ni ubao wa inchi mbili umetupa. Bendi, yenye msumeno wa utepe mwembamba, kama hizi za Wood-Mizer, inakula karibu milimita 2. Kama unapasua ya kwako mwenyewe na msindano wako ni mnene bendi itajilipa, lakini lazima uwe na mtu wa kunoa na kupanga meno ya bendi, na bendi za akiba, huna mtu huyo basi mashine itakaa imefunikwa turubai. Kama magogo ni membamba ya miaka minane tisa, ambayo hata hivyo nakushauri uyaache yakue, dingdong inatosha. Na mashine yoyote utakayochukua, kinga ya msumeno na ya mikanda isitolewe.

SWALI: Nitajuaje Stihl ni orijino? Dukani zote zina rangi ya chungwa.

JIBU: Namba ya mfululizo (serial) ya orijino ina tarakimu tisa, imegongwa kwenye bodi yenyewe, sio stika. Hiyo namba peleka kwa wakala anayejulikana aiangalie. Na bei ikiwa nusu ya bei ya wakala unajua jibu. Kopi sio mwiko, zipo zinazopiga kazi, ila nunua ukijua ni kopi na kwa bei ya kopi.

SWALI: Fundi mashine yangu ilikaa ndani tangu mwaka jana, nilipoweka petroli mpya inawaka ukiweka choki, ukitoa inazima. Plagi nimebadilisha.

JIBU: Uliiacha na mafuta ndani eh? Petroli imekauka ikaacha gundi, na zile diafram (tando laini) za kabureta zimekakamaa. Kwanza chomoa bomba la mafuta ndani ya tenki kwa ndoano ya waya, kule mwisho kuna filta ndogo, ibadilishe, na bomba lenyewe ulivute uone kama limepasuka. Halafu fungua kabureta, skrubu nne za upande wa bamba lenye tundu dogo katikati, hapo kuna diafram yenye kitufe. Ibonyeze kwa kidole: inatakiwa iwe laini kabisa, ikitoa sauti ya karatasi imekwisha, nunua seti nzima ya vipuri vya kabureta yako kwa namba iliyogongwa ubavuni. Safari nyingine ukitaka kuiweka muda mrefu mwaga tenki, iwashe mpaka ijizime yenyewe. Bado ikigoma nitumie picha, ila nipigie hiyo diafram na ile sindano ndogo chini yake kwa karibu, sio mashine nzima imeegemea ukuta.